Julai ya Ngano, Basotu

Ukiingia Julai, kombaini hutoka karakana na mimi naanza kupiga chafya. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka wa utoto wangu, miaka ya 1980, katika mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, kule Basotu, wilayani Hanang. Mashamba hayo yalifunguliwa kwa msaada wa Kanada, kwenye nyanda ambako Wabarbaig walikuwa wakichunga ng'ombe wao, na baba alikuwa fundi mitambo. Nyuma ya kila mashine lilitambaa wingu la makapi, na siku za upepo Mlima Hanang wote ulipotea machoni.

Macho yaliniwasha hadi nikayafikicha yakawa mekundu. Kaakaa liliwasha. Pua ilitoa maji meupe asubuhi nzima, lakini mwili haukuwa na joto. Mama alizaliwa Kainam, juu Mbulu, na alikuwa mtu wa kutazama mambo kwa makini. Akasema haya si mafua, kwa sababu mafua huisha ndani ya wiki, na haya yangu yalikaa mpaka shamba la mwisho livunwe.

Alianza na alivyolelewa navyo. Majani ya kivumbasi na mkaratusi yakachemka sufuriani, nami nikafunikwa blanketi nijifukize. Pua ilizibuka, nikalala vizuri, kisha asubuhi chafya zikarudi. Kitunguu saumu cha Bashay nilikitafuna hadi darasani wenzangu wakahama dawati. Mzee mmoja wa Kibarbaig, jirani yetu, alituletea asali ya porini, akaniambia, "Lamba, mjukuu wangu, kifua kitalainika." Koo lililainika kweli. Pua haikusikia.

Miaka mingi baadaye nilisoma sababu yake. Chavua anayobeba nyuki ni nzito, inanata, imetoka kwenye maua yanayomwita. Inayotusumbua puani ni ile nyepesi inayopeperushwa na upepo, hasa ya nyasi. Daktari wa Manchester, Charles Blackley, ambaye mwenyewe aliugua, alilionyesha hilo katika kitabu cha 1873. Alifika hata kurusha tiara ili anase chavua ya angani. Ngano yenyewe hujichavusha na chavua yake haiendi mbali. Kombaini zilikuwa zikitutimulia vumbi la makapi lililochanganyika na mbegu za kuvu zilizoota kwenye mabua makavu. Kwa hiyo wala asali haikuwa na la kufanya pale.

Aliyetusaidia ni muuguzi wa zahanati. Alimfundisha mama kuchemsha maji, kuyaacha yapoe, kutia nusu kijiko cha chai cha chumvi safi katika kikombe, kisha niinamie beseni na kusafisha pua, tundu moja baada ya jingine. Alisisitiza kuchemsha: maji ya bwawani au ya bomba yasipande puani hivihivi, yanaweza kuingiza vijidudu vya hatari. Mara ya kwanza nililia. Baada ya siku chache nilikuwa nadai mwenyewe kusafishwa pua kila jioni.

Kisha mama akaigeukia nguo. Ovaroli ya baba ilikuwa inaingia chumbani imejaa makapi, na sisi watoto tulimrukia alipofika tu. Mama akaweka msumari nje ya mlango. Ovaroli ikaishia pale, baba akaoga kwanza, nasi tukaoshwa nywele kabla ya kulala. Mashuka hayakuanikwa tena siku za kuvuna, yalikauka ndani. Baba alinung'unika, fundi mzima kuvuliwa nguo uani! Lakini naye alikuwa akikohoa usiku, na kikohozi kikapungua. Mpaka leo naamini msumari ule ulitutibu kuliko majani yote tuliyochemsha, na hakuna aliyelipa hata senti.

Mwaka mmoja kifua cha mdogo wangu kilianza kupiga mluzi. Mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila akivuta pumzi, na hakuweza kumaliza sentensi. Mama hakugusa sufuria. Alimfunga mgongoni, akapanda lori la shamba hadi Haydom, kwenye hospitali ya Walutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955. Ilikuwa pumu. Alidungwa sindano, akarudi na vidonge na onyo kwamba mvuke haufungui kifua cha namna ile, na moshi unaweza kukifunga zaidi.

Tangu hapo, shule zikifungwa wakati wa mavuno, tulipelekwa Kainam sote wawili. Juu kule, karibu na msitu wa Nou, Julai ni ukungu na baridi, na vumbi halifiki. Shida ilikuwa moshi, maana bibi alipikia ndani, palepale tulipolala. Mama alipomweleza maneno ya daktari, bibi hakubisha. Alibeba mafiga yake matatu akayapanga nje, chini ya banda la kuni, akapikia pale amejitanda mablanketi mawili mpaka tulipoondoka.