Nilirudi Darasani na Mwiko Mkononi

Yako mambo ambayo mtu huyafanya kila siku, naye akadhani ayajua. Mimi ni fundi wa kuweka sakafu za marumaru hapa Dodoma, na kazi hii nimeifanya miaka 19. Nilianza nikiwa saidia fundi, nikichekecha mchanga na kubeba ndoo. Fundi wangu akisema "lete", naleta. Akisema "tazama", natazama. Sababu ya jambo hakunieleza, wala mimi sikumwuliza. Baada ya miaka mitatu alinipa mwiko wake wa zamani, na tangu siku ile watu wakaniita fundi.

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba itahamia Dodoma, kazi za ujenzi zilikuwa nyingi, nasi mafundi tulipata riziki. Lakini majengo makubwa yalikuja na masharti yake. Mwaka juzi nilikwenda kuomba kazi kwa mkandarasi mmoja. Msimamizi alitazama picha za sakafu zangu, akazisifu, kisha akasema, "Cheti kiko wapi, fundi?" Sikuwa nacho. Kazi nilipewa, ila chini ya kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kushika mwiko. Yeye alikuwa na cheti, na malipo yake yalizidi yangu. Kijana yule ana adabu, hakuacha kuniita mzee. Lakini jioni ile chakula hakikupita kooni.

Nilipomweleza mke wangu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, hasira haitundikwi ukutani. Cheti hutundikwa."

Basi nikaenda VETA. Mamlaka hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazini bila kupita chuoni. Fundi hutazamwa akifanya kazi, huulizwa maswali, na akionekana amepungukiwa mahali, hufundishwa. Akifaulu hupewa cheti. Nilirudi nyumbani nikicheka moyoni. Nilijiambia, watanipa mtihani gani mimi, ambaye sakafu zangu zimejaa mji mzima?

Kicheko kile hakikudumu. Katika maandalizi, mwalimu, kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, hakuniuliza hata mara moja kama naweza. Aliniuliza, "Kwa nini?" Kwa nini wapima kona ya chumba kwa mita 3, mita 4 na mita 5? Nilijibu kwamba ndivyo tunavyofanya. Akatabasamu, akaandika kitu katika daftari lake.

Usiku ule nilimwuliza binti yangu aliye kidato cha pili. Alichukua kalamu akanionyesha: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, ukizijumlisha wapata 25, nayo ni 5 mara 5. Pembetatu ya namna hiyo lazima kona yake iwe mraba, haiwezi kukataa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikivuta kamba ile kama mtu asomaye barua ya lugha asiyoijua. Tangu usiku ule binti yangu akawa mwalimu wangu wa hesabu. Chumba cha mita 4.2 kwa mita 3.6 kina mita za mraba 15.12. Marumaru ya sentimita 40 kila upande ina mita za mraba 0.16. Basi zahitajika 95, na ukiongeza kumi kwa mia kwa ajili ya kukata na kuvunjika, wanunua 105. Zamani nilikadiria kwa jicho. Zikipungua, namrudisha mwenye nyumba dukani, naye huenda akaletewa za rangi iliyopishana kidogo na zile za kwanza.

Hayo yalikuwa mambo ya kuchekesha. Lililonichoma ni hili.

Siku moja mwalimu alitwambia tuweke marumaru chache. Yangu ilikaa sawa, pima maji haikutikisika. Akaja, akasema, "Mzee, ibandue." Nikashangaa, lakini nikaibandua. Chini yake palikuwa na madonge matano ya gundi ya saruji, moja katikati na manne kwenye pembe, kama nilivyofundishwa ujanani. Kati ya madonge palikuwa pakavu. "Hapa pana hewa tupu," akasema. "Mguu wa kitanda ukisimama juu ya hewa, itakuwaje? Na maji ya bafuni yakipenya, yatakaa wapi?" Akatueleza kwamba gundi hutandazwa kwa mwiko wa meno, mistari yote ielekee upande mmoja, ili marumaru ikigandamizwa hewa ipate njia ya kutoka. Mahali pakavu gundi ishike angalau sehemu 80 katika 100. Mahali pa maji, 95.

Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika. Nilikuwa nimemkumbuka mama mmoja mjane.

Miaka miwili nyuma nilimwekea sakafu ya bafu na ya ukumbi mwembamba wa nyumba yake. Haukupita mwaka akaniita: marumaru zimepasuka, na kona ya bafu maji yanatuama. Nilizitazama, nikamwambia, "Mama, hizi marumaru ulizonunua ni hafifu." Nilisema bila kuwaza, kama wasemavyo mafundi wengi. Sasa nilijua kilichokuwa chini yake.

Siku tatu nilijadiliana na nafsi yangu. Hakuna aliyenishtaki. Fedha nilizokuwa nazo ni za ada ya mtihani, tulizozikusanya kwa miezi mitano. Mwisho nikamwambia mke wangu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ukienda kwenye mtihani huku unalijua hilo, mkono utakutetemeka." Nikaenda kwa yule mama.

Nilimwomba ruhusa, nikapiga magoti nikagonga sakafu kwa sarafu, marumaru moja baada ya nyingine. Iliyoshiba gundi hutoa sauti nzito. Yenye hewa hulia kama mtungi mtupu. Katika ukumbi peke yake nilihesabu 17. Nikasimama nikasema, "Mama, marumaru hazikuwa na kosa. Kosa ni langu."

Nilitazamia anigombeze. Badala yake aliketi kitini, akasema taratibu, "Mwanangu, mimi nilikwenda kwa mwenye duka nikamtukana mbele ya watu, kwa maneno yako." Wasomaji, hapo nilijuta kuliko kama angenipiga. Uongo wangu ulikuwa umetoka mlangoni ukaenda kumdhuru mtu nisiyemjua. Kesho yake tulikwenda wote wawili dukani kumwomba radhi. Mwenye duka alicheka, akatusamehe, akatupunguzia na bei.

Ada ya mtihani ikaishia kwenye marumaru na saruji. Zamu ile watu waliingia kwenye mtihani bila mimi. Lakini bafu la mama yule ndilo lililokuwa shule yangu. Nilibandua sakafu yote nikakuta niru niliyoiacha laini. Sasa niliitindua ipate ukali wa kushikia gundi, nikafagia vumbi lote. Niliupanga mteremko kuelekea tundu la maji, kati ya sentimita 1 na 2 kwa kila mita 1. Nilikoroga gundi, nikaiacha itulie dakika chache, nikaikoroga tena. Kila baada ya marumaru kadhaa nilibandua moja kuona kama imeshiba. Nilikata kwa maji, kwa kuwa nimejifunza kwamba vumbi lile kavu huharibu mapafu polepole mtu asijue. Nilingoja siku nzima kabla ya kujaza grauti. Na kila tendo nilijisemea kwa sauti: kwa nini? Mama yule alidhani naongea na simu.

Zamu iliyofuata nilikuwa na ada tena, nikaingia. Mtathmini alinipa kipande cha sakafu, akasimama nyuma yangu. Nilipokwisha kuweka marumaru ya tatu, nikaibandua. Akauliza, "Kwa nini wabandua kitu kilichokaa sawa?" Nikamjibu, "Kwa sababu zamani sikuwa nikibandua." Akaandika, hakusema neno.

Matokeo hayajatoka. Nayangoja kama mwanafunzi yeyote, na usiku mwingine usingizi hunipaa. Cheti nakitaka sana, sitaficha, maana watoto wanasoma na fedha zahitajika. Ila juzi nilipita kwa yule mama, akanipa chai, nami nikatoa sarafu nikagonga ukumbi wake toka mlangoni hadi bafuni. Sauti ilikuwa moja.

Enyi mafundi wenzangu mlioingia kazini kwa kutazama, kama nilivyoingia mimi, msiogope kwenda kupimwa. Si aibu mzee kuulizwa na kijana. Na ikiwa kuna nyumba mnayoipita kwa haraka mkigeuza uso upande wa pili, anzeni na hiyo kabla hamjajiandikisha.