Askari Wanaojizuia

Nilipokuwa nasomea utabibu miaka ya tisini, tulifundishwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili: mdudu akiingia wanampiga, wakizidiwa mgonjwa anafariki. Wodini mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mtoto wa malaria ya ubongo aliwekewa dripu ya kwinini, vimelea vikapungua kwenye slaidi, lakini degedege hazikuacha wala hakuamka.

Lawama ikaangukia TNF, protini ambayo askari hao hao huimwaga kwenye damu. Watafiti nchini Gambia wakawapa watoto kingamwili ya kuizima. Homa ilishuka, lakini matokeo ya 1996 yaliniuma: vifo havikupungua, na walionusurika walibaki na ulemavu wa neva zaidi kuliko wenzao wasiopewa.

Wakati huo maabara zilikuwa zikitafuta mwili unavyomhisi mdudu. Mwaka huo huo Jules Hoffmann, Ufaransa, alionyesha kwamba nzi asiye na protini ya Toll hashindi maambukizi ya ukungu. Mwaka 1998 Bruce Beutler, Marekani, akagundua kwamba panya huhisi sumu ya bakteria kwa protini ya ukoo huo, TLR4.

Kilichonishika zaidi ni kinachofuata ndani ya seli. NF-kB, protini inayowasha jeni, hukaa nje ya kiini, imeshikiliwa na protini iitwayo IkB. TLR4 ikihisi bakteria, IkB huvunjwa, NF-kB ikaingia kiinini na kuwasha jeni za TNF na nyingine za kuleta joto na uvimbe. Papo hapo huwasha jeni ya IkB mpya, itakayokuja kuishika tena, na ya A20, inayokata ishara isiendelee. Kumbe amri ya kupigana hutoka pamoja na amri ya kuacha! Panya wasio na A20 hufa wachanga, viungo vimevimba.

Juni 2020, jaribio la RECOVERY la Uingereza lilitangaza kwamba deksamethasoni, dawa inayotuliza kinga, miligramu 6 kwa siku, imepunguza vifo vya Uviko kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa. Ndiyo maana vijana ninaofanya nao kazi nawahimiza: pimeni oksijeni kwanza.

Wazazi huniuliza mbona dawa hiyo iliyomponya babu mwenye Uviko haipewi mtoto wa malaria ya ubongo. Nawajibu kwamba ilijaribiwa Thailand, na taarifa ya 1982 ikaonyesha imerefusha koma. Mapafu ya babu yalikuwa yanaumizwa na kinga yake mwenyewe. Kwa mtoto, vimelea bado vimenasa kwenye mishipa midogo ya ubongo.