Hamna Mtu Leo?

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walitufunga Simba tano kwa moja. Siku mbili baadaye kocha Robertinho akaondoka, timu wakaachiwa kwa muda Daniel Cadena na Selemani Matola. Hapo kijiweni Usinge, jirani na stesheni, kesi ikaanza.

"Matola kazi yake kupanga koni! Makocha wanaondoka, yeye yupo tu."

"Bwana wee, si alikuwemo tulipoitoa Zamalek 2003?"

"Kucheza siyo kufundisha!"

Mimi kimya. Kwani mimi ni nani? Msaidizi wa fundi baiskeli. Gurudumu likinyooka, sifa za fundi. Likipinda, "kijana wako huyo". Jumamosi, mkesha wa mechi, fundi alilala na homa, nikafungua kibanda peke yangu. Mzee mmoja akachungulia, akanitazama na spana yangu mkononi, akauliza, "Hamna mtu leo?"

"Nawe wasemaje?" wakanigeukia.

Nikasema: sisi Matola tunamwona kwenye televisheni, amekaa benchi. Anachofanya mazoezini, nani kati yetu anakijua?

Wakaangua kicheko. "Wasaidizi mnateteana!"

Nikacheka nao. Lakini baiskeli ya yule mzee inatembea mpaka leo.