Bei ya Namba Kumi

Mtu yule alikuja Jumamosi jioni na boda, amevaa viatu vyeupe kabisa. Katika vumbi la Vurra mtu wa viatu vyeupe unamwona tangu mbali. Akasimama kando ya uwanja mpaka mazoezi yakaisha. Nikisema uwanja, naomba usifikirie nyasi. Ni kipande cha ardhi ambacho mzee mmoja Mlugbara alitupa tuchezee mpaka siku atakapotaka kulima tena. Magoli ni miti ya mkaratusi, na kutoka barabarani unasikia malori yanayosubiri forodha yavuke kwenda Aru. Watoto walipokuwa wanakusanya vitu vyao akaniita pembeni.

"Kocha, yule wa jezi namba kumi ni wa nani?"

Ni wa nani. Sokoni Ariwara watu huuliza hivyo mbele ya mbuzi.

Majina ya watoto siyaandiki hapa, nitawaita kwa namba za jezi. Kumi ana miaka 15. Alifika na mama yake na wadogo zake wawili mwaka 2018, wakati watu wa Djugu walikuwa wanakimbia na walichovaa. Miguu yake yote miwili inapiga sawasawa, na kabla mpira haujamfikia ameshajua ataupeleka wapi. Hiyo ya pili haifundishwi. Mimi nimejaribu kuwafundisha wengine nikashindwa.

Mtu yule akatoa bei: shilingi 600,000, mipira kumi, na seti moja ya jezi. Mtoto ataenda Kampala, atalala bwenini, atacheza. Mama atapigiwa simu. Jibu alitaka kabla ya Jumatano.

Sisi tuna watoto 31. Kama nusu ni wakimbizi, nusu ni wa hapahapa, na ukiwasikia wakigombana kwa Kilugbara huwezi kutenganisha nani katoka upande gani wa mpaka. Tuna mipira miwili, mmoja umeshonwa mara tatu. Kwa hiyo usiku ule sikulala, na sitadanganya kwamba nilikuwa nawaza utu peke yake. Nilikuwa nahesabu mipira.

Kitu kingine kilichoninyima usingizi ni Saba.

Saba alikuwa beki wetu wa kushoto. Mwaka 2022 alikuja mtu mwingine, siyo huyu, akatupa jezi, mipira mitano na shilingi 300,000. Nilitia sahihi kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Mama yake hakutia sahihi popote, aliambiwa tu. Tukamsindikiza Saba mpaka basi, tukaimba, nikaonekana mtu mkubwa. Baada ya miezi minane goti likaumia. Wiki ya tatu ya kulala bila kucheza wakamwambia atafute pa kwenda. Alinipigia kwa simu ya kuazima kutoka soko moja la Kampala alikokuwa anabeba mizigo, akaniuliza, "Yaya, ile karatasi uliyosaini iliandika nini juu ya kuumia?"

Iliandika nini? Iliandika jezi na mipira.

Nauli ya kumrudisha tulichanga kwa walimu. Leo anauza vocha za simu karibu na forodha, na akitembea haraka unaona. Hanichukii, na hilo ndilo linanisumbua zaidi. Jezi namba kumi ambayo yule mgeni aliiulizia ilitoka kwenye bei ya Saba.

Sasa usinielewe vibaya. Mimi sisemi klabu isiuze mchezaji. Hapa West Nile hakuna anayeweza kusema hivyo bila kuchekwa. Sote tulikuwa watoto Onduparaka ilipopanda ligi kuu mwaka 2016. Arua nzima ilivaa kijani, redio zilikuwa zinapiga kelele, na sisi tulitembea kwa miguu kwenda Green Light tukatazame kwenye ukuta. Muhammad Shaban alifunga magoli pale mpaka watu wa Kampala wakalijua jina lake. Mwaka 2017 akaenda KCCA, 2018 akaenda Raja Casablanca ya Morocco. Je, Onduparaka wangemfungia pale ili sisi tuendelee kufurahi? Kwa haki gani? Umri wa mpira ni mfupi kuliko wa muhogo ghalani. Timu yenyewe ilishuka daraja mwaka 2023. Kwenye vibanda vya chai wapo wanaosema walijimaliza kwa kuuza kila aliyeng'aa, na wapo wanaosema wasingeuza wangeshuka mapema zaidi. Mimi naelekea kwa hao wa pili. Tiketi za Arua hazilipi mafuta ya basi la kwenda Jinja na kurudi.

Na watu wa makambi tuna mfano wetu. Awer Mabil alizaliwa Kakuma, Kenya, mwaka 1995, wazazi wake wametoka Sudan Kusini. Alianza mpira kwenye vumbi kama la kwetu. Familia ikapelekwa Australia mwaka 2006, akakulia mpira wake Adelaide United, na mwaka 2015 klabu hiyo ikamuuza Midtjylland ya Denmark. Mwaka 2022 alipiga moja ya penalti zilizoipeleka Australia Kombe la Dunia kule Qatar. Watoto wetu wanalijua hilo kuliko wanavyojua hesabu. Lakini ninapowasimulia nawakumbusha kwamba Mabil alipouzwa alikuwa anaelekea miaka 20, ana klabu iliyosajiliwa, ana karatasi, na mama yake alikuwa mji uleule.

Karatasi ndiyo nilikwenda kuitafuta. Jumapili baada ya misa nilikaa na simu na bando la elfu mbili nikasoma sheria za FIFA za uhamisho. Ni ndefu, na Kiingereza chake kimeandikwa kwa wanasheria, mimi niliishia kidato cha nne. Nilichokipata ni hiki. Mtoto wa chini ya miaka 18 hahamishwi kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Moja ni ya watu wa mipakani kama sisi: mchezaji anaishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka, na klabu ya upande wa pili nayo iko ndani ya kilomita 50. Kuna sababu nyingine ya mtoto aliyekimbia nchi yake kwa kuogopa kuuawa. Na mtoto ambaye si raia, akitaka kusajiliwa mara ya kwanza kabla ya miaka 18, anaulizwa kama ameishi nchini miaka mitano mfululizo. Kumi ameishi zaidi ya hiyo. Ushahidi wake ni ile karatasi ya familia ya ukimbizi ambayo mama yake anaihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi za chanjo. Sikuwahi kufikiri karatasi ya kupangia foleni ya chakula ingekuwa karatasi ya mpira.

Halafu nikasoma juu ya pesa, na hapo nilikasirika. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zote zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, klabu inapata robo ya asilimia moja. Ichukue hivi: auzwe siku moja kwa milioni 400 za shilingi, klabu iliyokuwa naye miaka minne ya mwanzo inapata milioni nne. Kuna na fidia ya mafunzo, ambayo ni nyingine. Sheria hiyo ipo, inalipwa, tangu 2022 kuna ofisi maalumu ya FIFA inayoisimamia. Lakini analipwa aliyesajiliwa. Sisi hatumo katika kitabu chochote. Siku Kumi atakapouzwa, historia yake itaanzia kwa mtu wa viatu vyeupe, na miaka minne ya mkaratusi itakuwa haikutokea.

Hapa niwaambie kidogo ndugu zetu wa mashirika, maana najua mnasoma. Mipira mnatuletea na fulana zenye nembo, tunashukuru kweli. Ada ya kusajili klabu wilayani, picha za pasipoti, nauli ya kupeleka fomu, hizo hazina mfadhili kwa sababu hazipendezi kwenye picha. Na ndizo zinazomlinda mtoto.

Jumatatu nikaenda kwa mama wa Kumi. Alikuwa anaanika muhogo. Msaidizi wangu alikuwa ameshafika kabla yangu, na yeye anataka tuuze. Alisema mbele yangu, "Kocha, wewe ulimaliza shule, shule ikakupa nini? Muache mtoto aende." Sikuwa na jibu zuri. Ni kweli nimekaa miaka miwili nikingoja kazi kabla sijapata hii ya vijana, na ni ya mkataba wa miezi sita sita.

Mama alisikiliza huku anageuza muhogo. Akasema, "Mwanangu, miye sikatai. Njaa iko hapa, si unaiona? Lakini chakula kinatolewa huku, si Kampala. Akiumia kule, nani atanipigia simu? Huyo bwana, au wewe?"

Nikamweleza juu ya Saba. Alikuwa anajua. Watu wote wanajua, ni mimi tu nilidhani ni siri yangu.

Tukakubaliana masharti. Aende baada ya kumaliza mwaka wa shule, na huko shule iandikwe kwa jina. Mama atie sahihi mwenyewe, mwenyekiti wa LC awepo. Akiumia atibiwe na wao, na nauli ya kurudi iwekwe tangu mwanzo. Klabu yetu iandikwe kuwa ndiyo iliyomlea. Pesa ya mkononi hatupokei hata shilingi, kwa sababu ukishapokea pesa ya mtoto hujui tena kama unasema kwa ajili yake au kwa ajili ya pesa. Hilo la mwisho nililiweka mimi, na msaidizi wangu aliondoka bila kuaga.

Jumatano mtu wa viatu vyeupe akapiga. Nilimsomea masharti moja baada ya moja. Alinyamaza, kisha akacheka kwa upole, akasema, "Kocha, unamchelewesha mtoto," akakata.

Huenda ana haki. Nilikataa mipira kumi na huenda nilikataa maisha ya mtu mwingine yaliyo bora kuliko yangu. Kama Kumi ataumia goti hapahapa kwenye mashimo yetu mwezi ujao, nani atanisamehe? Sheria inalinda mtoto asisafirishwe ovyo, ila haimpi chakula cha jioni. Nikiulizwa leo bado nasema mtoto wa miaka 15 hauzwi kwa jezi. Lakini ninasema kwa sauti ya chini.

Fomu za usajili tumeanza kujaza. Katiba ya klabu niliiandika mwenyewe kwa kalamu, mwalimu mmoja akaichapa. Fomu ya mchezaji ina nafasi ya namba ya kitambulisho cha taifa, ya wakimbizi haina, basi tumeiandika pembeni kwa herufi ndogo.

Kumi hakuja mazoezini wiki mbili. Nilimwona mara moja barabarani kati ya malori, akageuza uso. Jumamosi iliyopita akaja. Hakunisalimu. Jezi namba kumi aliiweka imekunjwa juu ya mfuko wa mipira, imefuliwa, akachukua namba kumi na nne ambayo ni kubwa kwake na imepasuka kwapani. Watoto wakanitazama mimi. Nikapuliza filimbi.