Kutu ya Kamukunji

Yapata saa kumi na moja jioni, kijana alitoka Majengo, Pumwani, akaikata Gikomba hadi Kamukunji, ambako nyundo za mafundi wa jua kali aghalabu hazinyamazi mpaka giza liingie. Mjombake alikuwa akikunja bati la sanduku la shule. Masanduku kama hayo ndiyo yaliyomlipia karo hadi akaingia chuo kikuu kusomea kemia. Sasa muhula mmoja ulikuwa umesalia, nayo karo haikuwa imelipwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu niambie, huko unasomea nini hasa?"

Akamweleza. Mbao zinazorandwa Gikomba zina lignini, gundi inayoushikamanisha mti, ambayo ni takriban robo ya uzito wake. Lignini hiyo hutolewa, ikachanganywa na chumvi ya chuma, ikakaushwa, kisha ikachomwa katika tanuri lisiloingia hewa hadi nyuzi 1000 hivi. Hugeuka mkaa, nao mkaa huinyang'anya ile chumvi oksijeni, kikabaki chuma kitupu katika chembe zenye upana wa nanomita chache tu. Kaboni huyeyuka ndani ya chuma hicho mithili ya sukari ndani ya chai. Kinapopoa hushindwa kuihifadhi, kikaitema, nayo hujitandaza juu yake tabaka kwa tabaka. Kila tabaka lina unene wa atomu moja. Hiyo ndiyo grafini, waliyoitenga Andre Geim na Konstantin Novoselov kule Manchester mwaka 2004 kwa utepe wa kunata (naam, utepe wa kawaida!), wakatuzwa Nobeli mwaka 2010.

Mjomba aliiweka nyundo chini. "Na chuma hicho hakishiki kutu?"

Hilo lilikuwa swali la tumbo. Sanduku likilowa mvua za Aprili, mzazi hulirudisha kwa hasira.

Uongo mdogo ungalimfaa sana kijana jioni ile.

"Chembe zenyewe hazishiki, mjomba, maadamu ganda halina ufa. Lakini ni unga tu, wa kuchochea kemikali viwandani. Bati lako litashika kutu vilevile."

Mjomba alicheka kicheko kikavu. Akapangusa mikono, akatoa noti zilizokunjika, akazihesabu mara mbili, akampa nusu.

"Nyingine mwisho wa mwezi," alisema, "masanduku yakinunuliwa."

Kisha akaiokota nyundo.