Bunduki Isiyokwenda Vitani

Wako wanaokusanya stempu. Mzee mmoja Mwingereza, rafiki yangu, hukusanya bunduki za kujifunzia shabaha. Lee-Enfield ya vitani ilitumia risasi ya .303, hizi zake zinapiga.22, kirisasi rahisi, kelele kidogo, unaweza kulenga hata ndani ya ukumbi. Waingereza walizikazania baada ya Vita vya Makaburu (1899–1902), wakulima walipowatoa jasho kwa shabaha. Aipendayo zaidi ni No. 8, ya risasi moja moja, iliyofundisha makadeti kwa zaidi ya miaka 50.

Nikamuuliza, mbona hukusanyi zilizopigana?

“Hii haijaua mtu,” akajibu.

Sawa, ila ndiyo iliyofundisha.

Kisha hunionyesha chapa kwenye chuma: kiwanda, mwaka, namba. Hapo humkumbuka babu yangu, askari wa KAR aliyepelekwa Burma. Bunduki aliyoibeba ilikuwa na namba pia, na huenda leo imo kabatini kwa mtu, inapakwa mafuta. Babu mwenyewe hatuna hata picha yake. Nimeanza kuwahoji shangazi zangu, mmoja mmoja, wakiwa bado wapo.