Kutafuta Gari la Mbio Mjini Bujumbura

Ukitoka Kigoma kwa njia ya Manyovu, jambo la kwanza linalokuarifu kwamba umekwisha ingia Burundi si bendera wala si lugha, maana Kiha na Kirundi ni ndugu, na mtu wa Kasulu husikilizana na mtu wa Mabanda bila mkalimani. Ni upande wa barabara. Dereva wetu, aliyeshika kushoto tangu asubuhi, alivuka kizuizi cha Mugina, akatulia kidogo kama mtu anayekumbuka jina, kisha akahamia kulia. Kuanzia hapo usukani wake ulikuwa upande wa majani, na kila alipotaka kulipita lori ilimlazimu kumwuliza abiria wa kushoto kama mbele kuna gari.

Jambo hilo halikunisumbua siku ile. Tulipita Nyanza-Lac, tukapita michikichi ya Rumonge, Ziwa Tanganyika likitufuata kwa mkono wa kushoto. Tulipita na Mugere, kilometa chache kabla ya mji, penye jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Jioni tukaingia Bujumbura, mji ambao hadi mwaka 1962 wazee waliuita Usumbura. Makao makuu ya kisiasa yalihamishiwa Gitega mwaka 2019, lakini biashara imebaki hapa ziwani, na magari pia.

Nilikuwa nimeitwa na shemeji yangu, mume wa dada yangu, sajini katika jeshi la Burundi. Ulikuwa mwezi wa Julai mwaka 2024. Shemeji alikuwa amehudumu mara mbili nchini Somalia, ambako Burundi ilianza kupeleka askari Desemba 2007, na aliyoyaona huko hayasimulii. Sehemu ya akiba ya kazi ile ilikwisha nunua kiwanja. Iliyobaki alitaka kununulia gari. Nami, ingawa si fundi, nimetunza vitabu vya magari ya ofisi yetu kwa miaka kadhaa, kwa hiyo dada aliniambia kwa simu, “Njoo umwangalie shemeji yako. Amependa gari, na mtu aliyependa haoni.”

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Celica jekundu la mwaka 2001, milango miwili, pua imechongoka mithili ya samaki. Ndugu msomaji aliyekulia Afrika Mashariki hana haja ya kuelezwa jina hilo. Celica lilishinda mashindano ya Safari Rally nchini Kenya mara nane: mwaka 1984, 1985, 1986, 1990, kisha miaka minne mfululizo toka 1992 hadi 1995. Shemeji alikuwa kijana mdogo wakati huo, na picha za magari yale yaliyotapakaa tope alizibandika ukutani. Nilimweleza, kwa upole, kwamba yale ya ushindi wa miaka ya tisini yaliendeshwa na magurudumu yote manne na kutengenezwa upya kwa ajili ya mashindano, ilhali hili la 2001 huvutwa na magurudumu ya mbele tu, na umbo lake ndilo la mbio kuliko injini. Alinisikiliza kwa adabu kama askari anavyomsikiliza mchungaji.

Hapa lile jambo la usukani lilirudi. Magari mengi ya Bujumbura ni yaliyotumika Japani, mengine yakipitia Dubai, na yote ya namna hiyo yana usukani wa kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia. Katika basi dogo au gari refu la mizigo dereva hukaa juu, akaona kidogo. Katika gari la mbio anakaa karibu na ardhi. Akitaka kulipita lori hana budi kutoka nusu ya gari zima katika njia ya wenzake kabla jicho lake halijaona lolote. Gari lililoundwa kwa ajili ya kupita wengine ndilo lisiloweza kuwapita kwa usalama. Mtu anayelitaka katika Burundi, Rwanda au Kongo na atafute lenye usukani wa kushoto, na akilikosa ajue kwamba ananunua gari la kwenda polepole lenye sura ya haraka.

Tulikwenda kwa mwenye gari saa moja ya asubuhi, na hilo nilisisitiza mimi. Injini hukaguliwa ikiwa baridi, maana injini iliyokwisha pashwa moto huficha mengi. Nikaweka kiganja juu ya boneti: baridi. Nikachomoa kijiti cha oili: kiwango kizuri, oili mpya, safi mno. Oili safi mno si kosa, ila ni neno la kukumbuka, kwa sababu injini za 1ZZ za Toyota, zilizomo katika Celica nyingi za miaka ile, zina sifa ya kula oili. Ringi za pistoni huziba, oili hupanda juu na kuungua. Dalili yake ni moshi wa buluu. Moshi mweusi ni petroli inayozidi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia mahali pasipo pake. Shemeji aliwasha, mimi nikasimama nyuma ya bomba. Buluu kidogo, ikapotea. Nikasema moyoni, hilo linavumilika, kwa lita moja ya oili kila mwezi.

Ndipo nilipofanya kosa langu. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa zote za onyo katika dashibodi hazina budi kuwaka kwa sekunde chache kisha kuzimika, pamoja na ile ya mifuko ya hewa inayomkinga dereva kwenye ajali. Taa ambayo haiwaki kabisa ni mbaya kuliko inayobaki inawaka, maana huenda mtu ameing'oa ili isiseme. Ile ya mifuko ya hewa haikuwaka. Niliiona. Nikamtazama shemeji ameshika usukani kwa mikono miwili, anatabasamu kama mtoto siku ya Idi, nikasema nitalitaja baadaye.

Kadi ya gari ilikuwa na jina la huyu aliyekuwa akiuza, na namba ya chesisi iliyopigwa katika chuma ililingana nayo herufi kwa herufi. Askari polisi wanaosoma ukurasa huu wanajua ni wangapi waliopoteza gari na fedha pamoja kwa kutolinganisha namba hizo. Katika ubavu wa tairi nilisoma tarakimu nne, 1914, maana yake juma la kumi na tisa la mwaka 2014. Meno yalikuwa bado marefu, lakini mpira wa miaka kumi huwa mgumu na hupasuka joto likizidi.

Kulijaribu gari mjini Bujumbura hakuhitaji uwanja. Ziwa liko mita 774 hivi juu ya bahari, na barabara kuu ya kwanza, iendayo bara, hupanda milimani hadi Bugarama, mahali palipo juu ya mita 2,000, kwa safari ya kilometa kama 35 tu. Yote yaliyo mabovu katika injini, rejeta na klachi yatajulikana katika mpando huo, na yote yaliyo mabovu katika breki yatajulikana wakati wa kurudi. Tatizo lilikuwa petroli. Mwaka ule ilikuwa adimu mno. Foleni zilizunguka mitaa, na watu walilala ndani ya magari yao wakisubiri zamu. Mwenye gari alikuwa ametuambia mapema, “Ndugu zangu, lisikilizeni hapa hapa uani, petroli haipo.” Neno lake lilikuwa kweli, lakini ukweli huo ulimfaa. Nchi ikikosa petroli, kila gari bovu hupata sababu ya kusimama. Shemeji aligharimia foleni ya siku mbili na lita kumi, na hivyo safari ya kupanda ikapatikana.

Sina budi kukiri kwamba ilikuwa safari njema. Gari lilipanda bila manung'uniko. Mshale wa joto ulisimama katikati usitetereke. Shemeji alijaribu klachi kama nilivyomwelekeza, gia ya tatu kwa mwendo mdogo, kisha mafuta kwa nguvu: mlio wa injini ungeongezeka bila mwendo kuongezeka, klachi ingekuwa imekwisha. Haikuwa hivyo. Katika kona za kukata hatukusikia ule mlio wa tak-tak unaotoka katika viungio vya ekseli za mbele vikichakaa. Kando yetu waendesha baiskeli waliteremka na ndizi mpaka hewa ilipiga miluzi, wengine walipanda wamejishikiza nyuma ya malori. Bugarama kulikuwa na ukungu na mboga zilizopangwa kando ya njia. Dada alikuwa ameagiza karoti na kabichi, tukanunua. Viti vya nyuma vilijaa kwa mafungu hayo mawili, na dada ana watoto wanne. Wakati wa kushuka breki zilianza kunuka karibu na mji, shemeji akapunguza gia, zikatulia. Alikuwa akiimba.

Kutoka hapo tulikwenda Buyenzi. Huu ni mtaa wa Waswahili tangu zama za Wabelgiji. Njia zake hujulikana kwa namba badala ya majina, soko lake ni Ruvumera, na ukitafuta fundi wa gari au kipuri cha gari lolote lililopita Burundi, utaelekezwa huku. Kiswahili cha hapo kina Kifaransa na Kirundi ndani yake, nacho ni kitamu. Fundi tuliyemwendea alikuwa mtu mzima, kofia kichwani, mikono imeloa grisi. Hakugusa injini. Alizunguka gari mara moja akipitisha sumaku ndogo juu ya bodi, na kila pahali ilinasa. Hakuna bati lililojazwa pati. Shemeji akanitazama kwa ushindi.

Kisha fundi akainama ndani ya boneti, akafuta vumbi kwa kidole, akaonyesha kibandiko kidogo cha Kijapani. Mafundi wa Japani hubandika tarehe na kilometa kila wabadilishapo oili. “Hesabu yao ya miaka ni ya wafalme,” alisema. “Huyu wa wakati ule, mwaka wake wa kwanza ni 1989. Hapa pameandikwa 20, basi ni 2008. Na kilometa hizi, bwana sajini, zisome mwenyewe.” Shemeji alisoma: elfu mia na kumi na nane. Mita ya dashibodi ilionyesha elfu themanini na nne.

Hakusema neno. Fundi akaingia kiti cha nyuma, akauvuta mkanda wa kiti, si kidogo kama tunavyouvuta sisi, bali wote, hadi mwisho wa roli yake. Sehemu ambayo haifiki nje siku zote ilikuwa na mstari wa rangi ya udongo, umekatika sawasawa kama uliochorwa kwa rula. Akafunua zulia chini ya kiti: mchanga laini wa kijivu, na boti za reli ya kiti zimeota kutu ilhali gari kwa nje linang'aa.

“Hili limelala majini,” alisema.

Nasi tulijua maji gani yanayowezekana. Magharibi ya mji, njia ya Uvira, kati ya mto Rusizi na ziwa, uko mji mdogo wa Gatumba, ambao ulifurika mwaka 2020 na kufurika tena mwaka ule wa 2024, watu wakahama nyumba zao kwa mitumbwi. Gari lililozama hukaushwa, husafishwa, huoshwa injini na kutiwa oili mpya, nalo huenda vizuri hata likapanda Bugarama. Injini si ugonjwa wake. Ugonjwa umo katika nyaya na masanduku ya umeme yaliyo sakafuni, ambayo huliwa na kutu polepole, na baada ya miezi taa hujizima zenyewe usiku au mifuko ya hewa hukataa kufunguka siku inapohitajiwa. Hapo ndipo nilipoitaja ile taa. Shemeji aliniuliza nimeiona saa ngapi. Nikamwambia, asubuhi. Akatikisa kichwa, akatazama pembeni.

Mwenye gari alisema hakujua, na huenda hakujua. Yeye pia alikuwa na miezi miwili tu tangu alinunue. Akashusha bei kwa robo nzima. Niliona shemeji anapiga hesabu, na nilijua hesabu ile, kwa maana robo ya bei ile ilikuwa miezi mingi ya Mogadishu. Dada alikuwa amekuja kwa miguu kutoka sokoni, mtoto mdogo mgongoni. Alipiga magoti kidogo, akauvuta ule mkanda mwenyewe, akautazama ule mstari, akauachia ukarudi ndani.

“Baba watoto,” alisema, “maji yalifika kifuani kwa mtoto.”

Shemeji akatoa ufunguo mfukoni, akampa mwenyewe. Tukashusha kabichi na karoti, tukaanza kutembea kuelekea nyumbani. Katika tangi mlibaki kama lita nne za petroli yetu, na hakuna aliyezitaja.